Vidole Vinne vya Baba

Jumapili, 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye stuli yako ya kazi, ile ndefu ambayo mama hulalamika kila akiikalia kwa sababu miguu yake inabaki inaning'inia. Mimi hainisumbui. Miguu yangu hata ikifika chini haina mpango wowote na sakafu.

Habari kubwa ni hii: nimepata darasa! Darasa la kwanza, watoto ambao bado wanajua kulia kuliko kusoma. Ila kuna ila. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sina neno naye, lakini aliponiona naingia na magongo macho yalimtoka. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, wewe ukishika chaki, gongo atashika nani?" Nikajifanya hodari. Nikaegemea gongo moja, nikaandika "a" ubaoni. Baba, ile "a" ilitoka kama mende aliyekanyagwa, na kidogo tu mimi mwenyewe niende chini. Akasema basi ataniweka ofisini, kuna kiti kizuri na kazi ya kugawa vitabu. Nikamwambia sikusomea kugawa vitabu. Tukabishana kwa adabu, tukafikia hapa: shule ikifunguliwa tarehe 8 Mei nitaingia darasani, na yeye atakaa nyuma wiki nzima aone. Nikiweza, darasa ni langu. Nikishindwa, nahamia kwenye kiti kizuri.

Sikitaki kiti hicho, baba. Nimekichukia hata kabla sijakikalia.

Kwa hiyo nimerudi kliniki ya viungo. Mtaalamu ni mpya, mwanamke mwenye mikono kama koleo. Wagonjwa wanamwita Dada Nyoosha kwa sababu hilo ndilo neno lake kuanzia asubuhi: nyoosha goti, nyoosha mgongo, nyoosha na uso, usikunje uso. Cha kwanza aliangalia mabega yangu. "Mbona yamepanda mpaka masikioni? Haya magongo nani kapima?" Nikasema alipima mama, akatengeneza baba. Akacheka, akachukua msumeno, akayakata kwa chini vidole vinne, akarudisha mipira yake. Usinune. Mabega yameshuka, na kumbe shingo ninayo.

Anasema mimi sina haja ya kutembea zaidi ya ninavyotembea. Ninachohitaji ni kusimama mikono ikiwa huru. Kuna fremu za kusimamia: nguzo mbili, pedi mbele ya kuzuia magoti, mkanda mpana nyuma ya makalio, na ubao wa kuegemea kiunoni. Ukishafungwa humo unaweza kuandika, kupiga makofi, hata kumvuta mtu sikio. Waliyonayo kliniki ilitengenezwa kwa kimo cha twiga. Nikamwambia Dada Nyoosha, mimi nina seremala.

Nimekuwekea kamba ya kipimo ndani ya bahasha kama kawaida yetu. Fundo la kwanza magoti, la pili kiuno. Safari hii nimepima mwenyewe. Dereva wa lori la mbao ameapa kwamba haipotezi.

Mwanao,
Msumari


Alhamisi, 30 Machi

Msumari wangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena! Nilipofika kwenye neno "darasa" nilipiga ukelele mpaka wenzangu wakadhani nimejikata kidole.

Mimi mzima. Milango ya jengo hili haiishi, nafunga mmoja wanaleta mitatu, kwa hiyo kurudi bado. Na jamani msinipigie simu. Mama yako alipiga juzi, nikasikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya mtungi. Hizi mashine za kupasulia mbao zimeshakula masikio yangu. Nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo, sawa", nikakata. Sasa sijui nimekubali nini. Hebu niulizie.

Haya, tuje kwenye magongo. Eti yamekatwa! Mti nilioutafuta mwenyewe, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, anakuja mtu na msumeno! Mwambie huyo Dada Nyoosha kwamba mimi tangu nianze ufundi sijawahi kutoa kitu kifupi. Mti mrefu utaukata, mfupi utaufanyaje? Ndiyo maana kila kipimo mimi huongeza vidole vinne. Na wewe ndiye uliyenizoesha, maana ulipokuwa mdogo nilikutengenezea marefu ili ukue nayo.

Basi, nimenuna, nimemaliza. Kamba imefika na mafundo yake yote mawili. Fremu utaipata.

Baba yako,
Fundi

Nimesahau. Hayo mabega yalikuwa yanauma? Miaka yote? Mbona hukuniambia?


Jumapili, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ulichokubali kwenye simu ni kuondolewa lile rundo lako la vipande vya mbao pale uani. Mama ameshaanza kuligawa kwa majirani. Anasema ulisema "ndiyo" mara tatu, na shahidi anaye.

Mabega yaliuma kidogo tu. Mimi nilidhani mabega ya kila mtu huuma.

Sasa sikiliza ratiba ya binti yako. Nikiamka, kabla ya chai, nafunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa kitanda, nauingiza kwenye kifundo cha mguu, navuta. Mama ananihesabia kwa sauti na akifika mbali anajifanya amesahau, anaanza upya. Jirani yetu mshonaji akipita dirishani anasema, "Pole mwalimu, pole sana." Nikamwambia pole ya nini, haya maumivu nimeyaomba mwenyewe. Sasa amebadilisha, akipita anasema, "Nyoosha!"

Kliniki nako kuna somo la kuanguka. Usicheke. Dada Nyoosha anasema mtu wa magongo ambaye hajui kuanguka ni kama dereva ambaye hajui breki. Unatupa magongo kando, unalegea, unatua kwa paja, halafu unajifunza kuinuka. Somo hilo nimelifaulu kupita wote, nimekuwa nalifanyia mazoezi tangu nazaliwa. Kwenye kusimama mikono huru ndiko tabu iliko. Nikiachia vile vyuma vya kushikilia, magoti yanasema "samahani" na kuondoka.

Natamani sana hiyo fremu, baba. Nimeshaota naandika ubaoni, mstari mmoja mrefu, bila kushika kitu.

Msumari


Alhamisi, 13 Aprili

Msumari,

Haya, mzigo huo. Nimemwambia dereva akiuangusha ahesabu hana rafiki tena. Ameufunga kwa blanketi lake mwenyewe.

Kila kona nimeiviringisha, pitisha kiganja, ukipata kijiti kimoja cha kukuchoma nirudishie nikile. Pedi za magoti nimejaza sponji na kuzishona ngozi. Mkanda umetoka kwenye kiti cha gari lililokufa hapa, una nguvu kuliko ndoa.

Na safari hii nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nishike randa. Sikuambii ni nini. Ukisimama humo utalijua mwenyewe, na utajua kwamba baba yako anasikia, hata kama masikio yamekufa.

Fundi


Jumapili, 16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Fremu imefika salama. Ni nzuri mno! Mbao zinang'aa, ngozi inanukia, na nimepitisha kiganja kila mahali sikuchomwa. Mshonaji alikuja kuishangaa, akamwita na mumewe. Tumeiweka sebuleni karibu na dirisha, na chumba chote kimepata heshima.

Imenikaa. Ahsante sana, baba, ahsante.

Mama anakusalimu. Hali ni njema. Mvua imeanza. Sina mengi leo.

Msumari


Alhamisi, 20 Aprili

Msumari,

"Imenikaa"! Neno moja, lakini nimelisoma kama wimbo. Nimemsomea fundi wa rangi, nimemsomea msimamizi, nimemsomea na mpishi ambaye hata hakuuliza. Msimamizi amesema nikirudi huko nifungue karakana ya vifaa vya namna hiyo. Nimejifanya sitaki.

Ni hivi, mwanangu. Mimi sikusoma. Sijui namna ya kumfundisha mtoto kusoma wala sijui huo mshipa gani unavuta goti. Ila mbao nazijua, na nilikuwa naogopa kwamba umefika mahali ambapo mbao zangu haziwezi kukufuata. Kumbe zinaweza! Nimefurahi mpaka nimejipiga nyundo kidole cha gumba, na sikusikia maumivu.

Mbona barua yako ilikuwa fupi? Najua, mazoezi. Jitahidi.

Fundi


Jumapili, 30 Aprili

Baba Msumari,

Mimi si mtu wa barua, na hii naiandika binti yako akiwa kliniki ya mawazo, maana mwili uko hapa kitandani lakini mwenyewe hayupo.

Fremu ni fupi. Imepungua vidole vinne kamili, nimepima. Ubao wa kiuno unamfika mapajani, akijiachia anakunjika mbele kama kisu cha kukunja. Tuliiwekea matofali chini, ikayumba, Dada Nyoosha akaja akatufokea sote wawili, akayatoa matofali. Nikataka kumwita fundi wa mtaa wa pili airekebishe, binti yako akaniambia nikithubutu atahama nyumba.

Hataki uambiwe. Anasema utavunjika moyo. Mimi nasema mficha uchi hazai. Jumatatu ya tarehe 8 mwalimu mkuu anakaa nyuma ya darasa, na mtoto hali, anaikodolea macho hiyo fremu tu.

Ninachotaka kukuuliza ni hiki. Nimekaa na wewe miaka yote hii, hujawahi kunitengenezea kitu kifupi. Kitanda chetu chenyewe nakipanda kama napanda lori. Leo, kwa mtoto, umepatwa na nini?

Mkeo


Ijumaa, 5 Mei

Msumari!

Naandika haraka, lori linawashwa. Dereva alikuwa ameisahau barua ya mama yako nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua, ameikumbuka leo baada ya kuzunguka nayo siku tano. Nimemwita majina mabaya, ameyakubali yote.

Kwa hiyo haikukaa! Na mimi nimeshamtangazia mpaka mpishi!

Sasa nisikilize. Jambo lile nililokuficha ndilo hili: sikuongeza. Baada ya kusoma habari ya mabega yako niliapa, nikasema safari hii nakata palepale fundo lilipo. Msumeno ulipita juu ya alama, sikubakiza hata unene wa ukucha. Mara ya kwanza maishani! Sasa imekuwaje fupi? Kamba ililowa? Ilijikunja? Nimekaa hapa nafikiri, na nimebakiwa na swali moja. Msumari, hilo fundo ulilifanya nini?

Miguu ya kuongezea nitaikata leo, lakini gundi haitakauka, na lori likiondoka sasa halirudi tena kwenu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Mnafungua Jumatatu. Nimechelewa, mwanangu. Nisamehe. Na mara nyingine usinifiche, mimi si yai.

Anapiga honi

Baba


Jumapili, 7 Mei

Baba,

Shikamoo, na wewe ndiye unisamehe, ila kaa chini kwanza.

Nililishusha. Hilo fundo nililishusha vidole vinne kwa mkono wangu. Si safari hii tu! Tangu nilipoanza kujipimia mwenyewe nashusha. Meza yangu ya kusomea nilishusha. Rafu ya vitabu nilishusha. Kwani simjui baba yangu? Najua ukipata kamba utaongeza vinne, basi mimi natoa vinne, tunakutana katikati, kitu kinakaa, na wewe unajisifu kwa wageni kwamba vitu vyako hukaa mara ya kwanza. Magongo peke yake ndiyo yaliyopimwa na mama, na mama ni mtu mkweli.

Jana nilipofika kwenye "sikuongeza", nilimsomea mama. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nami nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Mwaka ambao wewe umeamua kuniamini ndio mwaka ambao mimi sikukuamini.

Sasa sikia lililotokea Jumatano. Mama alipanda kwenye stuli yako kutoa utando wa buibui, akaiacha palepale nyuma ya fremu. Mimi nikaingia kwenye fremu kujaribu kwa mara ya mwisho. Magoti yakasema samahani, nikalegea kwenda nyuma, na badala ya kuning'inia kwenye mkanda nikatua ukingoni mwa stuli. Nikatulia. Baba, mgongo ulinyooka wenyewe. Ubao ukanishika kiunoni panapotakiwa. Nikanyanyua mikono yote miwili juu, nikamwita mama, "Njoo uone!" Akaja mbio na ufagio wake akidhani nimekufa.

Tulimwita Dada Nyoosha. Akanizunguka kama anayenunua gari. Akapapasa mapaja, magoti, kiuno. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nakulazimisha kusimama wima kama mlingoti! Hivi ndivyo hasa. Miguu inabeba kiasi chake, stuli inabeba kiasi chake, na hutachoka kabla kipindi hakijaisha." Akauliza nani kavipima vitu hivi vikapatana namna hiyo. Mama akamwambia ni hadithi ndefu. Stuli yako imezidi vidole vinne, fremu yako imepungua vidole vinne, ndiyo maana vimeoana!

Likabaki moja. Nikikaa hivyo, mkono unafika ukingo wa chini wa ubao wa darasani tu, maana ule ubao ulitundikwa na mtu mrefu kwa ajili ya watu warefu. Jana dereva alipoleta barua yako alikuwa bado ana aibu, anatafuta pa kujisafisha. Nikamwambia chukua spana zako twende shule. Mwalimu mkuu tulimkuta anapanga madawati. Nikamwomba ubao ushushwe. Akasema, "Mwalimu, ubao huu haujawahi kushushwa." Nikamwambia, "Kwa sababu haujawahi kuombwa." Akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja, dereva upande mwingine. Ukashuka.

Fremu na stuli viko tayari darasani. Kesho ndiyo kesho. Naogopa, baba, na nina furaha.

Msumari


Alhamisi, 11 Mei

Msumari,

Nimecheka mpaka fundi wa rangi akashuka kwenye ngazi kuja kuona. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye fundi, kumbe tulikuwa wawili.

Wiki hii sijafanya kazi ya maana. Leo nimefunga mlango kichwa chini, kitasa kikawa karibu na sakafu. Jumatatu jioni nilishindwa kuvumilia, nikapiga simu. Mimi! Mama yako akapokea, akasema maneno mengi, sikusikia hata moja. Nikamwambia apige kelele. Akapiga, nikasikia "ubao" na "mwalimu mkuu", na sikujua kama analia au anacheka. Huyo mama yako vyote anavifanya kwa sauti moja.

Hii miguu minne ya kuongezea nakuletea tu. Nilishaikata, siwezi kuitupa. Itakufaa kwa lolote.

Niandikie upesi. Kama ni kiti kizuri, niambie hivyo hivyo, usinipambe. Utabaki kuwa Msumari wangu ukiwa umekaa au umesimama au katikati.

Baba


Jumapili, 14 Mei

Baba,

DARASA NI LANGU!

Nimeanza na mwisho ili upumue. Sasa rudi nyuma nikusimulie.

Jumatatu niliingia mapema, nikajifunga kwenye fremu kabla watoto hawajaja. Wakaingia, wakasimama, wakatazama. Mmoja wa mbele, msichana mdogo asiye na meno ya juu, akauliza, "Mwalimu, umefungwa?" Nikamwambia ndiyo, nimefungwa ili nisiwakimbie. Wakacheka, ikawa basi. Hakuna aliyeuliza tena habari ya miguu, waliuliza kama wanaweza kujaribu mkanda.

Mwalimu mkuu alikaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yako huku, masikio huku. Nikageuka ubaoni. Nikaandika "a". Baba, ilikuwa "a" ya kitabuni! Nikaandika nyingine, na nyingine, mstari mzima kutoka ukingo huu mpaka mkono ulipoishia, bila kushika kitu, kama nilivyoota. Nilitamani kulia lakini nilikuwa na watoto wa kufundisha.

Jumanne waliokaa nyuma walilalamika hawaoni sehemu ya chini, na mwalimu mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikawaambia watoto tupange madawati nusu duara. Kelele ilikuwa ya mnada wa mbuzi, lakini tukapanga, wote wakaona.

Kilichomaliza maneno ni Jumatano. Nilimaliza kuandika, nikauliza nani atakuja kuandika na yeye. Vidole vyote juu! Yule asiye na meno akaja, akafika ubaoni bila kupanda kitu. Ubao uko kwenye kimo chake! Akaandika, akarudi anatembea kama waziri. Wakapanga foleni mpaka mlangoni, kila mmoja anataka. Mwalimu mkuu akasimama, akasema alianza kazi akiwa kijana na hajawahi kuona darasa la kwanza linagombania ubao, maana siku zote ubao ulikuwa wa mwalimu. Watoto wakamwambia na yeye aandike. Akaja, ikabidi apige magoti. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Ijumaa aliniita ofisini. Nikaona kile kiti kizuri, nikabaki mlangoni. Akaketi yeye mwenyewe kwenye hicho kiti, akasema, "Mwalimu, hiki nakichukua mimi, mgongo wangu unauma kwa wiki ya dawati lako. Nenda kwa watoto wako." Halafu akauliza kama yule dereva wa spana anaweza kurudi, anataka kushusha na ubao wa darasa la pili.

Miguu yako minne ya kuongezea imefika jana. Imenyooka sana, hairudi kwako. Kesho inakuwa rula za darasa.

Sasa nina ombi. Magongo yangu ni ya kukatwakatwa na mipira yake imekaa upande. Nataka mapya. Nimekuwekea kamba, ina fundo moja tu. Nimepima mwenyewe mbele ya Dada Nyoosha na sikulishusha. Usiongeze, baba. Kukua nimeshamaliza. Nilipofika ndipo hapa, na nimepapenda.

Msumari


Alhamisi, 25 Mei

Mwalimu,

Leo sikuiti Msumari. Nimemsomea mpishi barua yako mara mbili, mara ya pili aliomba mwenyewe.

Magongo hayo. Nataka ujue yalivyotengenezwa. Nililaza mti kwenye meza, nikanyoosha kamba, nikaweka alama kwenye fundo. Nikashika msumeno. Mkono, wenyewe, bila kuniuliza, ukasogea vidole vinne. Nikaurudisha. Ukasogea tena! Nikauweka msumeno chini nikaenda kunywa maji.

Nilikumbuka jozi yako ya kwanza. Ulikuwa huwezi hata kuyashika, yalikuzidi kichwa, na mama yako akaniuliza haya ni ya mtoto au ya askari. Nikamwambia atakua. Kila nilipoongeza nilikuwa namwambia Mungu hivyo, kwamba atakua, atakua. Nikazoea kuomba kwa msumeno. Sikuwahi kusimama nikauliza kama ameshakua.

Nikarudi mezani. Nikauambia mkono, tulia wewe, aliyepima ni mwalimu.

Nimekata kwenye fundo.

Baba yako


Jumapili, 28 Mei

Baba,

Yamekaa. Muulize mama.

Msumari


Yamekaa, Baba Msumari. Nimemzunguka mara mbili, mabega yako sawa, shingo inaonekana, ametoka hapa anakwenda kumwonyesha mshonaji. Sasa panda hilo lori, njoo ukikate kitanda.

Mkeo